Mjane wa Kiingereza Kule Shituru

Tasnifu yangu ya kumaliza masomo ya fasihi ya Kiingereza ilihusu nyumba. Nilitaka kuonyesha jinsi nyumba za wafanyakazi zinavyoelezwa katika riwaya za Uingereza na Marekani zinazosimulia miji ya migodi na viwanda: nani anapewa nyumba, nani anaitunza, na nani anatolewa mlangoni siku kazi inapokwisha. Wenzangu darasani walichagua mapenzi, ndoto, uhuru wa mtu mweusi. Mimi nilichagua nyumba kwa sababu nilizaliwa ndani ya nyumba ya kampuni, Shituru, mtaa wa Likasi ulio karibu na kiwanda cha shaba, na nyumba ile tuliipoteza.

Nilikuwa mtoto mdogo wakati sisi wa asili ya Kasai tulipoambiwa na wenyeji wa mkoa kwamba Likasi si kwetu, turudi kwa wazee wetu. Baba alikuwa amezaliwa papa hapa. Babu yake ndiye aliyeletwa na kampuni kutoka Kasai kuja kuchimba. Hata hivyo tulitoka kama wengine, tukaenda kukaa kwenye gare, stesheni ya treni, tukalala chini kando ya reli, familia kwa familia, tukingoja treni. Mimi nakumbuka vumbi, na ladha ya uji wa mahindi usio na sukari. Mengine sikumbuki. Treni ilipokuja tulipanda wagoni ya mizigo. Baba alifia Kasai, katika mji ambao kabla ya hapo alikuwa akiusikia tu kwa wazee. Mambo yalipotulia, mama alirudi Likasi na sisi watoto wake wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, akapanga chumba Shituru, barabara chache tu kutoka nyumba yetu ya zamani. Katika miaka yote aliyotulea hapo hakuwahi kutuambia neno juu ya gare. Ukimuuliza, alitafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Vitabu vyenyewe nilivipata kwa shida, Lubumbashi, kwa profesa wangu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye shati la mikono mirefu hata wakati wa joto, na alikuwa amesoma riwaya za Kimarekani maisha yake yote bila kukanyaga Marekani. Alituazima vitabu vyake mwenyewe, vyenye mgongo uliobandikwa kwa gundi. Kimoja alichonipa kilikuwa riwaya ya zamani kutoka Uingereza, ambayo nadhani hata kwao hakuna anayeisoma tena. Ilisimulia habari za bonde la makaa ya mawe. Mchimbaji anakufa chini ya ardhi, na mke wake anaambiwa ahame, kwa kuwa nyumba ni ya kampuni na kuna mchimbaji mwingine anayeingoja. Mwanamke yule hahami. Anafunga mapazia, anazima moto ili moshi usionekane kwenye bomba, anawafundisha watoto wake kutembea bila viatu, na wakala wa kampuni anapogonga mlango anadhani hamna mtu.

Niliporudi Likasi likizo nilikuwa nakisoma kile kitabu uani kwa mama, karibu na mbabula, jiko letu la mkaa. Jirani yetu alikuwepo, mjane kama mama, muuza samaki wakavu, mwenye asili ya Bemba na kicheko cha kusikika hadi barabarani. Nilimwita mama mukubwa. Aliniuliza kitabu kinasema nini, hata kinanifanya nisahau sombe, kisamvu cha jioni, motoni.

"Kinasema juu ya mwanamke mmoja mzungu," nilimjibu. "Wanataka kumufukuza mu nyumba ya kampuni."

"Mzungu?" Akamgeukia mama. "Kumbe bazungu nabo banafukuzwaka mu nyumba?"

"Soma," mama akasema.

Nikasoma. Nilisoma aya kwa Kiingereza, kimoyomoyo, kisha nikaisema kwa Kiswahili, vile nilivyoweza. Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, wakaniita tena. Ikawa kawaida yetu. Mama mukubwa alileta sukari, mama alichemsha chai, na mimi nikawapeleka taratibu katika lile bonde la mvua na makaa. Walimpenda mjane yule, walimkaripia, walimpa mashauri. Mama mukubwa alitaka aolewe na wakala wa kampuni, jambo liishe. Nilianza kuandika maneno yao pembeni, maana nilikuwa nimesoma kwamba kuna wanazuoni wanaochunguza si kitabu tu bali pia namna wasomaji wanavyokipokea. Nikajiambia: hawa ni wasomaji wangu.

Siku tulipofika pale penye mapazia na moto uliozimwa, mama aliinua mkono.

"Soma tena pale."

Nikarudia. Alikuwa anachambua majani ya lengalenga, na vidole vyake vikasimama.

"Minye nilifungaka madirisha vile," alisema. "Hata mwanga wa mulango nilifunika na kikwembe. Tulikuwa tunapika mu chumba, moshi inatuua macho. Minye nilikuwa nawaambia weye na mudogo wako: atakayekohoa, bantu batajua tuko. Weye ulikuwa unakohoa mu muto wa kulalia, mamu."

Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, mamu, kama wanavyowaita watoto wa kike kwao. Nilikuwa nimeinamia karatasi, nimeshika kalamu ambayo sikuthubutu kuisogeza. Kisha, pole pole, bila kututazama, akaeleza yaliyofuata. Jinsi baba alivyofungua mlango mwenyewe kwa sababu alichoka kuishi kama panya. Jinsi walivyotembea hadi gare na godoro kichwani. Gare yenyewe, wanawake waliozaa pale, kwenye simenti, na jinsi wengine walivyowashikia vikwembe, vitenge vyao, vya kuwasitiri. Mtoto wa mtu aliyepewa maji ya kunywa na askari. Wimbo uliokuwa ukiimbwa alfajiri. Mama mukubwa, ambaye watu wa kabila lake hakuna aliyewafukuza, alisikiliza bila kumwondolea macho. Mama alipomaliza alisema, "Basi. Endelea. Sasa uyu mwanamuke alifanya nini?"

Niliandika yote siku ileile, kwa mkono, kwa Kiswahili chake jinsi alivyokisema, na chini yake tafsiri ya Kiingereza. Ikawa sura ya nne ya tasnifu yangu, nami nikamwambia mama. Sura tatu za kwanza zilikuwa zinafanana na za kila mtu: mwandishi, muundo, nyumba kama ishara. Ya nne ilikuwa inapumua. Nilijua ni nzuri, na ni mara chache nimejua hivyo juu ya jambo nililolifanya.

Profesa aliisoma mbele yangu, ofisini kwake, ambamo feni haikuwa na umeme. Alisoma mpaka mwisho. Alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu.

"Hii inaniumiza," alisema. "Lakini itabidi uitoe."

"Kwa nini, Profesa?"

"Kwa sababu huu ni ushahidi, siyo uchambuzi. Tasnifu ni ya fasihi ya Kiingereza. Jury itakuuliza: mama huyu ni mwanazuoni gani? Amechapisha wapi? Nitakujibia nini? Halafu kuna mambo ya gare mle. Ninamjua mmoja wa watakaokaa kwenye jury, ni wa upande uliowafukuza. Atainuka atoke."

"Ninaweza kuyapunguza ya gare."

"Ukiyapunguza hayo, kutabaki nini?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefundishwa na watu waliomwambia kwamba ukweli wa kitabu uko ndani ya kitabu, na aliogopa kwa ajili yangu kuliko nilivyoogopa mwenyewe. Mimi nilikuwa mwanafunzi, mtoto wa mjane, na nafasi ya kutetea tasnifu mbele ya watahini ilikuwa moja. Sura tatu zikapelekwa kupigwa chapa. Ya nne nikaibeba kurudi nayo nyumbani na kuiweka ndani ya katoni, chini ya kitanda cha mama.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba mama angekuja kwenye utetezi. Alikuja na mama mukubwa, kwa basi, wote wawili wamevaa kikwembe cha aina moja walichokishonesha kwa ajili ya siku ile. Walikaa mstari wa nyuma. Kila kitu kilisemwa kwa Kiingereza, na kidogo kwa Kifaransa. Nilipokuwa naeleza riwaya ya mjane niliona mama akiinua uso, kwa sababu alilitambua jina la yule mwanamke, na akamgusa mwenzake mkono. Wakangoja. Nikapita kwenye hitimisho, maswali yakaulizwa, jury ikatoka na kurudi, nikapewa alama nzuri, watu wakapiga makofi na kunimwagia poda kichwani, kama ilivyo kwetu kwa aliyefaulu.

Nje, kabla ya picha, mama aliniuliza polepole, "Pale penye minye niko, balisoma?"

"Profesa aliitosha inje, mama. Alisema haiingii."

"Aah," alisema. Alinipangusa poda kwenye nyusi kwa ncha ya kikwembe. "Basi. Pakulia bantu, wasije wakaondoka na njaa."

Hakununa, wala hakulitaja tena. Nilipata kazi ya kufundisha Likasi, katika taasisi ya ualimu, na nikawa nakwenda kwake karibu kila juma. Mara mbili tatu nilijaribu kumrudisha kwenye habari zile. Nilikwenda na kitabu kingine, cha Kimarekani, kuhusu wanawake wa kiwanda cha nguo. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mhubiri mgeni. Mara ya mwisho nilimuuliza moja kwa moja.

"Wimbo ule wa gare, mama, maneno yake yalikuwa nini?"

"Nilisha kusema," alinijibu. "Haukuandika?"

"Niliandika."

"Sasa unaniuliza tena sababu gani?"

Ni kweli kwamba nilikuwa nimeandika. Karatasi zilikuwa pale, chini ya kitanda alichokuwa amekalia. Sikuona haja ya kumsumbua.

Mama alifariki wakati wa mvua, baada ya ugonjwa mfupi. Mwenye nyumba alitaka chumba chake, nasi tukahamisha vitu haraka kwenda kwa mdogo wangu, mtaa wa Kikula. Katoni ikawekwa stoo pamoja na masufuria. Nilikuwa nimechoka na msiba, na sikuwa na shughuli na karatasi za wakati wa masomo.

Profesa alikuja Likasi miaka kadhaa baadaye, kukaa kwenye jury ya wanafunzi wetu. Alikuwa amezeeka. Shati lilikuwa lilelile la mikono mirefu, lakini mwili ulikuwa umepungua ndani yake. Baada ya utetezi nilimpeleka kula. Tulikula bukari, ugali wetu, na samaki, na malori ya madini yalikuwa yanapita nje hata meza ikitetemeka. Alisema anaandaa, pamoja na wenzake wa nchi nyingine, kitabu cha makala kuhusu namna Waafrika wanavyosoma fasihi ya Kiingereza: si maprofesa, watu wa kawaida.

"Ulikuwa na sura moja," alisema. "Ile ya mama yako. Bado unayo?"

Nilimwambia ninayo.

"Ningetaka iwe ya kwanza kitabuni. Nimeifikiria mara nyingi. Sasa vijana wanakuja na nadharia za kutoka mbali juu ya wasomaji, wananieleza kana kwamba ni jambo jipya, na mimi najua nililishika mkononi nikalirudisha."

Nilikwenda Kikula jioni ileile kabla giza halijaingia. Mdogo wangu alinisaidia kusogeza masufuria. Bati la stoo lilikuwa limetoboka, na katoni ilikuwa imepokea maji misimu mingi. Karatasi zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja kizito, kama sabuni. Nilijaribu kuzitenganisha kwa kisu cha mezani. Wino ulikuwa umehama kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine na kuwa wingu la bluu. Hapa na pale palibaki neno: madirisha, askari, godoro. Mdogo wangu alisema tuzianike juani. Tulizianika asubuhi, zikakauka, zikavunjika.

Mtu mmoja tu mwingine alikuwa ameyasikia yale maneno. Nilipanda teksi-basi kwenda Shituru kumtafuta mama mukubwa. Nilimkuta kwa binti yake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, macho yake yana ukungu lakini kicheko ni kilekile. Nilimweleza ninachokitafuta: Jumapili ile, yale aliyoyasema mama juu ya gare.

"Nakumbuka sukari nilileta," alisema. "Nakumbuka mama yako alilia."

"Hakulia, mama mukubwa."

"Weye ulikuwa unaandika. Minye nilikuwa namwangalia." Kisha akacheka kidogo. "Lakini ile hadisi ya mzungu, ile najua yote. Mama yako alikuwa anatuambia kila wakati."

"Hadisi gani?"

"Ile ya kitabu yako. Ku kanisa, tukimaliza kufagia, bamama banamuomba: tuambie ya mzungu. Anaanza."

Sikuwa nimelijua hilo. Miaka yote ile nilikuwa nakwenda kwake na mkate na sukari, nikikaa kwenye kiti kilekile, na hakuniambia kwamba alikuwa amekichukua kitabu changu akakifanya chake. Nikamwomba mama mukubwa anisimulie vile mama alivyosimulia. Alianza kama riwaya inavyoanza, bonde, makaa, mume aliyekufa. Mapazia yalikuwemo. Lakini katika riwaya mjane anakubali mwishowe kuhamia kwa dada yake, na kitabu kinaishia hapo. Kwa mama haikuishia hapo. Mjane wake alipanda treni pamoja na watoto, akafika nchi ya wazee wa mumewe ambako hakuna aliyemjua, akaishi, akarudi. Siku moja akapita mbele ya nyumba yake ya kwanza. Mwanamke mwingine alikuwa uani anaanika nguo. Mjane akasimama. Akamsalimia. Yule mwanamke akamwambia aingie, akampa maji, na mjane akayanywea ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni, akaona kwamba pale ukutani alipokuwa amepima urefu wa watoto wake kwa mkaa palikuwa pamepakwa rangi.

"Akafanya nini?" niliuliza.

"Akasema asante kwa maji. Akaenda."

Mama mukubwa alikuwa anatafuta fimbo yake kwa mkono.

"Mama mukubwa. Mama aliingia mu nyumba yetu? Ile ya kampuni?"

"Alikuwa anasema juu ya mzungu, mwana," alijibu. "Minye sikumuuliza."

Kabla ya kurudi nilipita kwenye nyumba ile. Naijua kwa mbali. Uani kulikuwa na kijana mmoja anayetengeneza pikipiki. Aliniambia wao wameingia juzijuzi tu, waliuziwa na mtu aliyehamia Kakanda kufuata kobalti, na waliokuwa kabla ya huyo hawajui ni akina nani. Nilitaka kumuuliza kama naweza kuingia nione ukuta, lakini nilijiona jinsi nitakavyoonekana, mwalimu mzima amesimama kwa watu anaomba kutazama rangi. Nikamshukuru nikaondoka.

Nilimpigia profesa simu na kumweleza yote: katoni, mama mukubwa, hadithi ya mama kanisani.

"Andika hivyohivyo," alisema. "Unakumbuka alichosema. Kumbukumbu nayo ni chanzo."

Nilijaribu. Nilikaa nayo miezi. Yaliyotokea nayakumbuka, na wewe msomaji umeyasikia hapa: kikwembe mlangoni, godoro, simenti, maji ya askari. Lakini utafiti ulitaka maneno yake, na kila nilipoweka alama za kunukuu, aliyezungumza nilikuwa ni mimi. Mama alikuwa ananyoosha sentensi zake, anachagua maneno, anakuwa mwanafunzi wa idara ya Kiingereza. Sehemu ndogo tu ninaiamini, ile ya madirisha na kikohozi, kwa kuwa ilinihusu. Ya gare, ambayo hakuna mwingine katika familia yetu aliyewahi kuisema, imebaki kama muhtasari. Wimbo wa alfajiri siujui hata kwa sauti. Nikamwambia profesa kwamba siwezi kumtia mama maneno kinywani halafu niyaite ushahidi.

"Basi, mimi ndiye niliyekinyima kitabu hiki sura yake ya kwanza," alisema.

"Ulitaka nifaulu, Profesa."

"Nilitaka. Na ulifaulu."

Kitabu chao kilitoka bila mimi na mama. Alinitumia nakala, na ni kitabu kizuri, kina wasomaji wa Nairobi, wa Lagos, wa Accra. Profesa sasa haondoki tena nyumbani kwake Lubumbashi, naye tunasalimiana kwa simu. Mimi bado nafundisha riwaya ya mjane, kila mwaka, kutoka kwenye fotokopi. Wanafunzi wengi ni watoto wa watu wa madini na biashara ndogondogo, na wanapofika penye mapazia wananieleza kwamba ni ishara ya aibu, au ya kifo, kama vitabu vinavyosema, na majibu yao ni sahihi, nawapa alama zao. Kuna wakati ninataka kuwaambia kwamba kulikuwa na mtu aliyeisoma sehemu hii vizuri kuliko sisi sote. Huwa naanza, nafika pale alipoinua mkono na kusema nisome tena, kisha natafuta neno alilolitumia kwa ile simenti ya gare, lilikuwa neno la Kiluba, lugha ya kwao, fupi, na silipati.